Mfereji Nyuma ya Kibanda cha Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi
Nashukuru kwa akili niliyojaliwa. Maofisa wa mipaka wamefika! Kata yetu ina watu wachache, kata jirani wamejaa, kwa hiyo mpaka utasogezwa ili idadi zikaribiane kabla ya uchaguzi wa madiwani. Wananchi tunaombwa maoni. Mimi ninayo. Mtaa wa wakwe zangu ukiingia kwetu, nikigombea udiwani nina kura thelathini za ndugu wa mke. Mwokaji, diwani wetu wa miaka kumi, atarudi kwenye tanuri lake.

Jumatano, 6 Machi
Nilisimama mkutanoni. Nikasema mpaka ufuate mfereji, kwani barabara hubadilishwa lakini maji yanaijua njia yake. Ofisa mwenye miwani akaandika, akasema laiti wananchi wote wangekuwa kama mimi. Nimemnyoa bure. Mwokaji alikuwa anasinzia. Maskini!

Ijumaa, 12 Aprili
Ramani mpya imebandikwa ofisi ya kata. Wakwe wote ndani! Nikaruka. Mke wangu akaweka kidole kwenye mfereji, akakisogeza taratibu, akaniuliza ule ubao ninaovuka kila asubuhi kwenda kazini umelazwa juu ya nini.

Kibanda changu kiko upande huu wa mfereji. Nyumba yetu iko ng'ambo, sasa kata jirani.

Karani wa uchaguzi kathibitisha: mgombea lazima awe mkazi wa kata. Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Namshukuru hakucheka mbele ya karani. Alisubiri tufike nyumbani.

Jumapili, 14 Aprili
Mama mkwe ni malaika. Kanipa chumba chake cha cherehani nihesabike mkazi. Mke wangu hahami. Kasema hawezi kuacha kuku wake kwa ajili ya mstari. Hata hivyo alinibebea godoro mpaka ubaoni. Wakwe kumi wametia sahihi kunidhamini, na shemeji mkubwa, ambaye hajawahi kuniamini hata na baiskeli, alitia wa kwanza. Nililia, sifichi.

Jumamosi, 8 Juni
Mwokaji 412. Mimi 411.

Kura moja! Mke wangu angeniletea sare, lakini leo kapiga kura ng'ambo, kwa mtu asiyemjua hata sura. Nilikaa kando ya cherehani bila kuvua viatu. Mama mkwe akaniletea chai, akaketi.

"Mwanangu, chumba nilikupa kwa mapenzi," akasema. "Kura nimempa mwokaji. Ungeshinda ungekaa kwangu miaka mitano, na binti yangu ana mume mmoja tu."

Iliniuma sana. Kisha nikafikiria kule nyumbani kwetu, mtu mmoja na kuku wake kwa wiki nane, nikaona aibu. Nilimshukuru. Chai ilikuwa tamu.

Jumapili, 9 Juni
Nimerudi nyumbani. Mke wangu alinisubiri ubaoni, akapokea godoro upande wake. Sina la kumlipa mwanamke huyu.

Jioni mwokaji kaja kunyolewa. Kanipa pole, kanishika mkono kwa heshima. Nilipokuwa namnyoa kisogo, nikawaza: mpaka unafuata mfereji. Basi mfereji ukichimbwa upya, upite nyuma ya nyumba yetu, si tutakuwa ndani sote? Miaka mitano inatosha kabisa. Nikamwomba mwokaji aniazime jembe. Kanipa bila kuuliza la nini. Mungu ambariki.