Radi ya Elgon Yapata Wapenzi Kamukuywa

Jumatatu, 2 Julai 2007

Leo albamu yetu imechezwa redioni! Imechezwa nusu dakika. Halafu mtangazaji akaomba radhi, ati mitambo imepata hitilafu, akaweka kwaya. Hitilafu gani? Ule ulikuwa mwanzo wa wimbo wetu mkuu!

Wivu tu. Kitale haijawahi kuwa na bendi ya roki nzito, na hii Radi ya Elgon ndiyo albamu yetu ya kwanza. Lazima watu washtuke kidogo. Shida ni Kemboi, mpiga gitaa wangu. Amekaa kitandani kwangu hapa Matisi, maboksi ya CD yamejaa chini yake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba Absalom anamwita kwenye bendi yake ya injili. Ati huko kuna sare na chai. Amenipa mpaka Jumapili. Watu wakiipenda albamu, anabaki. Wasipoipenda, kwaheri.

Mimi huimba tu. Bila Kemboi hakuna bendi, kuna mtu mmoja anapiga kelele Matisi. Lakini Kemboi amesahau kwamba mimi ni mtu wa mipango.

Jumanne, 3 Julai

Mpango wa kwanza. Nimeazima spika mbili za kinyozi, nikaziweka nje, nikafungulia Radi mpaka mwisho. Nikajiambia umati utajikusanya wenyewe.

Umati ulikuja. Wa kwanza alikuwa Job wa mashine ya kusaga, ametoka mbio, unga hadi kwenye kope. Alikuwa amezima mashine yake akidhani ndiyo inayovunjika. Alipogundua ni sisi hakurudi kuiwasha. Alisimama kunitukana kwanza, na foleni yote ya wenye mahindi ikamsaidia. Kinyozi akaja kuchukua spika zake, mteja amemwacha amenyolewa upande mmoja.

Absalom naye akapita. Tai shingoni, siku ya Jumanne! Akasema ataniombea. Nikamwambia ajiombee yeye na kinanda chake.

Kemboi aliona yote kutoka dirishani. Alikuwa anapiga pasi suruali nyeusi.

Alhamisi, 5 Julai

USHINDI!

Nilibeba maboksi yote mpaka soko la Kamukuywa, maana watu wa Kitale hawana masikio. Asubuhi nzima, bure. Mzee mmoja aliuliza kama nina filamu za karate. Nikakaa karibu na wauza vitunguu, angalau machozi yawe na sababu.

Ndipo shangazi yangu Nakhumicha, dada ya baba, akanikuta. Ana shamba hapo karibu. Akachukua CD moja, akaigeuza, akaielekeza juani ikammulika macho. Akauliza, ikinyeshewa itaendelea kung'aa? Swali zuri sana, la mtu anayejali sanaa. Nikamhakikishia, Shangazi, itang'aa miaka na miaka.

Akaita wenzake. Bana! Walichukua zote! Wasiokuwa na pesa walilipa kwa kuku. Mama mmoja alitaka kumi peke yake. Nikamuuliza kama ni za zawadi, akasema hapana, zote zake, shamba lake ni kubwa. Sikuelewa shamba limeingiaje, lakini mteja wa namna hiyo humhoji.

Nimerudi na kuku, bila boksi hata moja. Kemboi alinikumbatia. Machozi yalimtoka, yakanitoka na mimi, kuku wakatorokea chini ya kitanda. Amemtumia Absalom ujumbe kwamba haji tena. Ningelipa kuona uso wake!

Jumamosi, 7 Julai

Ningenyamaza tu, leo ningekuwa na bendi. Lakini wapi! Nilisema lazima Kemboi akawaone mashabiki wake. Tukaenda Kamukuywa na gitaa na spika ndogo ya betri, mimi nimevaa jaketi la ngozi, na jua lenyewe lilikuwa la kukausha mahindi.

Shangazi alitupokea vizuri, chai na viazi vitamu. Kemboi akamuuliza kwa haya, mama, wimbo gani ulikupendeza zaidi? Shangazi akashangaa. Kwani ndani kuna nyimbo?

Akatupeleka shambani tukajionee. Mtama umeshika masuke, na juu yake, kwenye kamba, Radi ya Elgon. Shamba lake, la jirani, na la jirani wa jirani. Zote zinazunguka na kumetameta. Shangazi akasema hajawahi kupata dawa ya ndege kama hii, hata lile debe la kugonga amelitupa. Sasa, kila CD ina picha ya Kemboi. Maskini alisimama pale akijitazama anavyozungushwa na upepo.

Nikaona nisipofanya kitu nimempoteza. Nikamwambia piga! Wasikie wenyewe! Akapiga, nami nikaimba kwa nguvu zangu zote. Ndege wakaondoka hata kwenye mikaratusi ng'ambo ya mto. Wamama wakapiga vigelegele! Nikadhani tumepona. Kisha Shangazi akaomba tuje hivyo kila asubuhi mpaka wavune.

Kemboi akarudisha gitaa kwenye begi lake, akashukuru kwa chai, akashika njia. Nilimwita. Hakugeuka.

Jumapili, 8 Julai

Nilikaa nyuma kabisa kanisani. Kemboi ana sare, na imemkaa vizuri, nachukia kusema. Alipiga taratibu, kina mama wakafumba macho. Absalom akanipungia mkono kwa huruma. Iliniuma. Tumekula sahani moja na Kemboi tangu tulipomaliza shule. Nikatoka kabla ya sadaka.

Nyumbani nikakuta ujumbe wa Shangazi kwenye simu. Ndege wamezizoea zile CD, sasa wanatua juu yake. Anauliza kama tuna zingine, zilizo kali zaidi.

Kali zaidi! Umma umeomba albamu ya pili! Bendi gani ya Kitale imewahi kuombwa albamu ya pili? Kuku nimeshawapeleka studio kushika nafasi ya Jumatano. Gitaa nitapiga mwenyewe. Sijawahi kushika gitaa maishani mwangu, kwa hivyo itakuwa kali kweli kweli.