Matokeo Bila Fomula

Jumatatu, 4 Novemba
Nimemaliza! Wanafunzi hamsini na wanane, masomo tisa, jedwali moja. Fomula zote nimetunga mwenyewe. Mwalimu wa jiografia, tunayemwita Ramani, kaomba nimtumie faili ajifunze. Ajifunze! Mwaka jana "alijifunza" ratiba yangu, akapongezwa yeye. Nimefuta fomula zote, nimemtumia namba tupu. Akibofya kisanduku anakuta 67 inamkodolea macho. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kauliza kama naumwa.

Jumanne, 5 Novemba
Matokeo yamebandikwa. Kizaazaa! Wa kwanza ni mwanafunzi namba moja kwenye orodha, ambaye hakufanya mtihani hata mmoja. Alikuwa kalazwa na tetekuwanga! Binti namba mbili, anayeongoza kila mwaka, kawa wa thelathini na moja. Namba hamsini na nane kapata sifuri. Huyo ni mpwa wa mwalimu mkuu. Nimeduwaa, ila kimoyomoyo. Kwa sauti nimesema kompyuta haina upendeleo.

Jumatano, 6 Novemba
Kaja mama wa binti namba mbili, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado shingoni. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema mwanawe hajala tangu jana na hataki tena shule.

"Mwalimu, nionyeshe tu ulivyojumlisha."

Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Mwalimu mkuu akasema hata yeye anaomba kuonyeshwa. Basi nikafungua faili langu kwa madaha.

Mungu wangu! Namba tupu! Kumbe juzi nilifuta fomula humo humo kwenye faili la asili, nikahifadhi, ndipo nikatuma. Nakala nyingine sina. Nimebofya kisanduku kimoja kimoja kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Yule mama alisimama nyuma yangu muda wote. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Alhamisi, 7 Novemba
Ramani kachukua kalamu na karatasi, kajumlisha alama za binti. Zikatoka sawasawa na jumla niliyompa mgonjwa wa tetekuwanga! Fomula ilikuwa imeruka mstari mmoja. Kila mtoto kapewa jumla ya aliye chini yake, na wa mwisho kapewa ya mstari mtupu. Ramani kanifafanulia polepole, kwa upole. Upole wake umeniuma kuliko tusi. Walimu wote tumeshinda tunajumlisha kwa mkono.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimeomba radhi mbele ya shule nzima. Binti karudi, kanijia baadaye, kauliza taratibu, "Kwa hiyo sikufeli, mwalimu?" Nikamwambia hakufeli; nilifeli mimi. Kacheka. Nikaenda chooni kufuta macho. Vumbi.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimekabidhiwa ratiba ya mitihani ijayo! Mwalimu mkuu kasisitiza kwamba safari hii kila kitu kiwe wazi na Ramani akague faili. Nimeitikia kwa adabu. Nimetengeneza ratiba safi, nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia Ramani picha. Kisha nikalifuta faili lenyewe, asije akalipekua nisipokuwepo.