Hakuna Anayetaka Kuwa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba

Maabara ya mama itafungwa mwisho wa mwezi asipopatikana mwekezaji. Dawa yake ya figo imeponya panya. Panya tu! Ikifungwa, kazi yote inatupwa na mama anahamia Umeå, mji wa kaskazini ya mbali, kufundisha. Umeå! Huko wakati huu jua halitoki hata kwa kubembelezwa.

Leo kaja Torkel, ambaye hutia fedha katika kampuni changa za dawa hapa Lund. Nilipeleka kahawa na mikate ya mdalasini ili nisikilize. Alisema dawa inamvutia mno, ila safari yake hadi sokoni ni miaka kumi au zaidi, na dawa nyingi zinazoponya panya hushindwa kumponya binadamu. Mwingine akitangulia, yeye atafuata. Hata mkate alingoja mama achukue kwanza. Mama naye alimngoja mgeni. Mikate ikapoa.

Jumanne, 4 Novemba

Leo zamu ya Gunvor, mwekezaji wa pili na wa mwisho. Viatu kaviacha mlangoni, soksi za sufu, tabasamu zuri. Maneno yale yale: mwingine akitangulia, naye yumo. Mama, kwa ukweli wake usio na dawa, akamwonyesha na picha za panya waliokufa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha nikapata mpango. Hawa watu wanangojeana tu! Nimempigia Torkel kwa sauti ya katibu wa mama, nikamwambia Gunvor keshakubali. Nikampigia Gunvor, nikamwambia Torkel keshakubali. Si uongo. Ni ukweli ambao bado haujatokea. Wote wamesema watakuja Ijumaa kutia sahihi.

Jumatano, 5 Novemba

Wamempigia mama kuthibitisha Ijumaa. Ameimba jikoni. Amenunua jibini lile la wageni. Sikusema neno. Wema wa kweli haujitangazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Torkel na Gunvor wanaimba kwaya moja! Jana mazoezini, wakati wa kahawa, Torkel alimpongeza Gunvor kwa ujasiri wake. Gunvor akauliza ujasiri gani. Mji huu kila mtu anaimba na mtu. Ningejuaje?

Asubuhi wote wawili wamempigia mama na kujitoa, kwa upole wa kutisha.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekiri. Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Tulikaa mezani na jibini la wageni.

“Ylva, mwanangu, wale hawangojeani kwa haya. Wanaogopa,” alisema. “Hakuna ajuaye kama dawa itamfaa mtu mpaka ijaribiwe kwa mtu, na kuijaribu ndiko kunakotaka fedha zao. Mimi sikuwa na cha kuwapa ila neno langu.”

Nikamuuliza kama sasa hata hilo hana.

“Kula, mama,” akaniambia.



Jumapili, 9 Novemba

Mama ameanza kufunga vitabu kwenye maboksi. Nimelia, kisha nimefikiri kwa makini, kama tunavyofundishwa shuleni. Kosa langu nimeliona. Niliwaambia watu wawili tu, na wawili ni rahisi kuulizana. Ile kwaya imejaa watu wenye akiba. Kila mmoja akiamini kwamba wenzake wote wameshaingia, nani atamuuliza nani?

Wanatafuta sauti nene za kike. Nimejiandikisha. Mazoezi ni Jumatano.