Paka Wangu Madaha Hajasomea Madini

Nyumba ya nyuma ya ghala la pamba,
Kharumwa.

Ndugu Edson Luka, Afisa Mifugo wa Kata,

Marahaba. Nimeipokea shikamoo yako kabla hujaitoa ili tuokoe muda, maana jambo lenyewe ni la haraka. Mimi ni Scolastika Ndaki, Mama Loveness, mkunga mstaafu wa hospitali ya Kolandoto. Nakuandikia kwa heshima zote za ofisi yako, nikiwa nimesahau kabisa kwamba ni mimi niliyekukata kitovu huku ukipiga kelele zisizo na sababu.

YAH: KUOMBA PAKA WANGU AACHWE AJISAIDIE KWA AMANI

Utakumbuka semina yako ya mwezi Machi kuhusu matunzo ya wanyama wa nyumbani. Ulituambia paka achanjwe kichaa, apewe maji safi kila siku, asilishwe makombo yaliyochacha, na atengewe mahali pake pa kujisaidia, pakavu, penye mchanga laini, mbali na macho ya watu. Wengine walicheka. Mimi niliandika daftarini. Niliporudi nyumbani nikamwomba mpangaji wangu Masele, ambaye ni mchimbaji wa dhahabu, anipe ndoo mbili za marudio, yaani ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu ikishaoshwa. Nilihakikisha ni mchanga ambao haujakutana na zebaki, ile sumu wanayonasia dhahabu. Nikaumwaga nyuma ya jiko. Madaha akaunusa, akauzunguka mara mbili, akaukubali. Nilifurahi sana siku ile.

Furaha haikudumu. Asubuhi moja Masele alikuwa anapiga mswaki uani akamwona Madaha anachimba. Badala ya kujiuliza paka huchimba kwa ajili gani, akatazama tu. Akaona mnyama amechimba, ametulia kidogo, halafu amefukia kwa uangalifu na kuangaza huku na huku. Masele akaamua palepale kwamba hakuna kiumbe anayefukia kitu kisicho na thamani. Akachota udongo ule, akauosha kwenye karai, akapata chembe ya dhahabu ndogo kuliko jicho la sisimizi.

Nilimweleza kwamba ile dhahabu ni yake mwenyewe, imetoka kwenye mchanga wake mwenyewe, alioubeba kwa mkono wake mwenyewe ndani ya ndoo yangu. Akanijibu kwa upole kwamba Mayu, yaani mama, utajiri haufichwi. Kufikia saa sita mchana kulikuwa na rashi nyuma ya jiko langu, watu wamemiminika na sururu kama wanavyofanya kila dhahabu inaposikika. Tangu siku hiyo sina ua. Malalamiko yangu ni haya.

1. Faragha. Madaha hufuatwa na wanaume sita waliovaa helmeti. Akisimama, wanasimama. Akichutama, nao wanachutama. Akimaliza, mmoja anapiga kigingi na mwingine anashukuru, wabeja, wabeja, kana kwamba paka amegawa sadaka. Kwa wiki mbili sasa hapati choo sawasawa. Nimefanya ukunga miaka thelathini na moja, naujua uso wa anayejizuia.

2. Chakula. Wanamhonga. Masele humletea sangara ili achimbe upande wa mashariki. Herman, kiongozi wa kundi lingine, humletea maziwa ili achimbe upande wa magharibi. Matokeo yake Madaha amekuwa na tumbo la diwani na hataki tena ugali wangu wa dagaa. Anautazama kisha ananitazama mimi, kama mkaguzi aliyekuta stoo tupu. Panya hajamgusa hata mmoja tangu Pasaka. Zamani walikuwa wakipita kwa kujibanza ukutani. Siku hizi wanakatiza katikati ya sebule, wakubwa mbele, wadogo nyuma.

3. Usalama. Nyuma ya jiko kuna mashimo kumi na moja, yote wazi. Madaha ametumbukia kwenye namba saba. Sitawanyima haki yao, walimtoa vizuri: walifunga kamba kwenye magogo kama wanavyofanya kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao la kazi, wakateremsha ndoo, wakaivuta watu wanane kwa wimbo. Lakini alipofika juu, Masele alimkwangua udongo wa kwenye kucha na kuuweka kwenye kikopo kabla hajauliza kama ameumia. Hapo nilitukana, nakiri, na nimeshaungama kwa padri.

Halafu siku ya Jumanne wakaacha karai lenye zebaki chini ya kamba yangu ya kuanikia nguo. Nilipotoka na nguo za mwanzo nikamkuta Madaha ameinama pale, ulimi umeshatoka. Nilimnyakua kwa shingo, nguo zote zikaanguka matopeni. Niliogopa, Edson. Tangu baba Loveness afariki, huyu paka ndiye ninayemsalimia asubuhi, na ndiye pekee ndani ya nyumba ile anayejali kama nimeamka.

4. Posa. Jumamosi iliyopita Herman alileta wazee wawili na mtamba mmoja wa ng'ombe. Walivua kofia, wakakaa, wakauliza hali ya mvua na ya pamba, wakaanza kuzunguka kwa mafumbo ya ua zuri walilolisikia kwenye boma hili. Mimi nikadhani wamekuja kwa ajili ya binti yangu Loveness na nikaweka chai ya maziwa. Kumbe wamemtaka Madaha, ahamie kwenye duara la Herman moja kwa moja. Masele alipopata habari akaahidi mitamba miwili na dume. Kaka yangu Sostenes naye, aliyeko Songwa na ambaye hajanitembelea tangu mazishi, alisikia habari za ng'ombe akafika siku ya pili yake kwa pikipiki. Anadai hakuna posa inayojadiliwa bila mjomba. Amelala kwangu siku nne, anakula, na bado hajauliza paka mwenyewe ni yupi.

5. Mimba. Hili ndilo kubwa. Madaha ni mjamzito. Nimempapasa kwa vidole hivi hivi vilivyokutambua wewe kuwa umekaa vibaya, na nina hakika watoto ni wanne. Mama anayekaribia kujifungua anahitaji mahali penye utulivu, joto na giza kidogo. Huyu anapata sururu. Na sasa wameanza kugawana watoto ambao hawajazaliwa: makundi yako matatu, kila moja limeshaandikiwa wake, na wa nne ameleta ugomvi, kwa hiyo wameamua atakuwa mali ya umoja wa wachimbaji.

Nimewaza sana, Ndugu Afisa, nikaona kubishana nao ni kazi bure. Nyani haoni kundule, na mwenye tamaa ya dhahabu haoni hata kinyesi kilicho mbele yake. Kwa hiyo nimekubali hoja yao ili niwashinde nayo. Kama kweli Madaha ndiye mgunduzi, basi naomba utusaidie kuzipata haki zake.

Kwanza, apewe leseni ya uchimbaji mdogo kwa jina lake, eneo la nyuma ya jiko. Kusaini hawezi, ila unyayo tutauchovya kwenye wino. Pili, akishakuwa mwenye leseni, awafukuze wote kama wavamizi. Hati ya kuwafukuza nitaiandika mimi kwa niaba yake. Tatu, apewe likizo ya uzazi ya siku mia moja kamili na si themanini na nne, kwa kuwa atazaa zaidi ya mmoja, na sheria hiyo naijua kuliko sala ya jioni. Nne, apatiwe helmeti, na kama bajeti inaruhusu, buti jozi mbili.

Ikiwa yote hayo yatashindikana, naomba jambo moja dogo. Niandikie karatasi yenye mhuri, niibandike kwenye mlango wa jiko, iseme kwamba paka hajui lolote kuhusu dhahabu, hajawahi kujua na hatajua. Paka hufukia uchafu wake. Hafukii hazina. Maneno yangu hawayasikii, lakini mhuri wanauheshimu.

Nisalimie mama yako Paskalia, mwambie goti alikande kwa maji ya moto na aache kubeba ndoo. Nisalimie na mkeo, watoto, mtunza ofisi, na yule mbwa wako aliyenibwekea siku ya chanjo, simwekei kinyongo.

Wako katika matunzo bora ya wanyama,

Scolastika Ndaki (Mama Loveness)

Nyongeza: Barua hii imekaa kwenye pochi yangu mwezi mzima na wiki moja kwa sababu ya shughuli za uzazi. Madaha alijifungua salama chini ya kitanda changu, wanne kama nilivyosema. Sasa wametimiza wiki nne na wameanza kuchakura. Watatu wanachakura ovyo. Yule mweusi amechimba pembe ile ile chini ya kitanda siku tatu mfululizo, akafukia kwa uangalifu mno na kuangaza huku na huku. Masele hajawahi kumwaga mchanga wake chini ya kitanda changu.

Kwa hiyo ile karatasi yenye mhuri usiiandike kwanza. Fomu ya leseni niletee, jina litakuwa langu. Madaha na wanawe nimewahamishia jikoni kwenye boksi lenye kanga safi, maji yapo, mchanga upo, usiwe na wasiwasi nao. Kitanda nimekisogeza sebuleni. Ukija, pita mlango wa mbele, angalia unapokanyaga, na njoo na kamba, maana shimo limeshanifika kiunoni. Masele usimwambie kitu. Ameniuliza kelele ni za nini, nimemjibu ni panya.