Makopo Mawili ya Matcha na Mama wa Mchumba

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu kaleta habari mbili. Mama wa mchumba wake anakuja kututembelea Jumapili. Na mama huyo anataka maharusi wakahamie kwake, mwendo wa nusu siku kwa basi. Mke wangu anasema tuzungumze naye kiungwana. Mimi nina mpango bora. Chumba cha juu ya karakana yangu ya makochi kimejaa sponji tu, na sponji zinahamishika. Mama akinipenda, atawaacha watoto wakae hapo. Nikauliza anapenda nini. Binti akasema anakunywa matcha, miaka mingi. Nikajibu papo hapo kwamba hata mimi. Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu. Baadaye nikamvuta binti pembeni kumuuliza matcha ni nini. Majani ya chai ya kijani yaliyosagwa yakawa unga. Basi. Ugumu uko wapi?

Jumanne, 4 Juni
Ugumu uko dukani. Rafu nzima ya makopo. Nikaomba matcha. Muuza chai, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia shingoni, akauliza ipi. Nikasema ile nzuri. Akasema nzuri ni ile inayomfaa mnywaji, akaanza kunihoji kama daktari. Nitakunywa na maji matupu au na maziwa? Uchungu nauweza? Naamka saa ngapi? Nikinywa chai jioni napata usingizi? Niliona aibu kusema kweli. Nikasema naamka saa kumi na moja, nakimbia, na sukari nimeisahau.

“Basi wewe ni mtu wa maji matupu,” akasema.

Akanipa kikopo kidogo kama cha dawa ya viatu, na kifaa cha mwanzi cha kukorogea, mfano wa brashi ya kunyolea ndevu. Nimefika nyumbani sijui nimenunua nini, wala nimemnunulia nani.

Jumatano, 5 Juni
Nimeionja. Maji ya moto yanayotokota, kijiko cha chakula kimejaa pomoni. Ladha ya bustani iliyonyeshewa. Nikatia sukari vijiko vitatu. Sasa ni bustani tamu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akapita karakanani. Tunamwita Kamusi kwa sababu hakuna asilolijua. Akasema chai nimeiunguza. Maji yapoe kwanza, unga uchujwe, kijiko kiwe kidogo. Akaahidi kuja Jumapili amwandalie mgeni mwenyewe. Nani kamwalika? Lazima nimtangulie.

Alhamisi, 6 Juni
Nimerudi dukani. Safari hii nilijibu kama Kamusi angejibu. Mtu wa ofisini, hana muda, anapenda maziwa, anataka kitu kikali cha kumwamsha. Muuza chai akauliza kama nimeacha kukimbia. Nikasema goti. Akanipa kopo kubwa, la matcha yenye uchungu mwingi, ya kuchanganya na maziwa au kutia kwenye keki. Kwa hiyo nina makopo mawili ya watu wawili, na mimi si yeyote kati yao.

Nikachuja unga karakanani, karibu na kochi jeupe la daktari wa meno. Feni ilikuwa inazunguka. Nikapangusa kwa kitambaa chenye maji. Kosa kubwa. Upande mmoja sasa ni kijani. Nimempigia daktari kumwambia kwamba kijani hutuliza wagonjwa. Amesema atafikiria.

Ijumaa, 7 Juni
Mazoezi. Vikombe vitano kabla ya mchana. Moyo unakwenda kama cherehani. Nimepigilia kitambaa cha kiti pamoja na mkono wa shati langu. Mke wangu kaninyang'anya nyundo.

Jumapili, 9 Juni
Mama wa mchumba ni mwembamba, mpole, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mjane. Kamusi alifika kabla yake. Ikabidi nikimbilie jikoni. Kwa haraka nikachanganya makopo yote mawili, nikidhani ubora unajumlishwa. Mama akaonja. Akaweka kikombe chini taratibu, akauliza kama hivi ndivyo ninavyokunywa. Nikasema miaka ishirini. Kamusi akaanza somo la joto la maji. Mama akamnyamazisha kwa kuinua kidole tu. Nikampenda.

Kisha akaniuliza maswali yale yale ya dukani. Mke wangu akaniwahi.

“Huyu anaamka saa mbili. Sukari vijiko vitatu. Uchungu hauwezi hata wa dawa ya kikohozi. Akinywa chai jioni, nyumba nzima hatulali.”

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema mtu kama mimi anywe asubuhi, kijiko kidogo, maziwa mengi na asali, na kopo kubwa linanitosha. Lile dogo ndilo lake yeye. Akaingia jikoni, akanikorogea mwenyewe. Ilikuwa tamu. Hapo nikachanganyikiwa kabisa, na ukweli ukanitoka bila mpango. Nikasema sitaki binti yangu aende mbali.

Mama akazungusha kikombe chake mkononi. Kisha akasema nyumba yake ina vyumba vinne, na siku nyingine sauti anayoisikia ni ya redio tu.

Binti na mchumba wakatazamana. Wakakiri kwamba wamekwisha kupanga vyumba viwili karibu na kazini kwao, huku mjini, ila si kwake wala si kwangu. Walikuwa wanaogopa kutuambia. Mimi na Mama tukabaki tumeshika vikombe, hatujui nani kashinda. Kamusi naye hakujua. Hilo lilinifariji.

Jumatatu, 10 Juni
Tumemsindikiza Mama stendi. Anarudi mwezi ujao, atakaa kwetu wiki nzima. Kwenye dirisha la basi akasema yeye huogelea kila alfajiri, akauliza kama kuna bwawa karibu. Nikamwambia lipo, na kwamba mimi majini ni kama samaki. Akafurahi sana, akasema tutashindana. Basi likaondoka. Mke wangu ameshaanza kuulizia bei ya boya. Mchana nitakwenda kununua kaptula ya kuogelea. Siku ishirini zinatosha. Maji ni maji tu.