Kapteni Zohali na Mfuasi Nambari Mbili

Jumapili, 4 Septemba 1955

Leo nimezaliwa upya. Mkunga wangu ni Gozbert, yule Mhaya wa Kinondoni, mpishi wa Mzungu mmoja. Bwana wake alimchukua likizo London miezi sita, amerudi na koti zito na maringo. Anasema huko kuna sanduku lenye kioo, linaitwa televisheni. Watu hukaa mbele yake wakinywa chai, na mle sandukuni mna steringi anayeruka na roketi kwenda kwenye nyota. Kila aendako ana mwenzake. Nikamuuliza huyo mwenzake kazi yake nini hasa. Akasema kazi zake ni tatu: kuuliza maswali, kupiga mayowe, na kukamatwa ili steringi apate wa kumwokoa.

Kazi nyepesi hivyo! Papo hapo nikamfikiria Adelard, mwenzangu wa chumba.

Mambo yenyewe ni haya. Jumba jipya la Ustawi wa Jamii hapa Temeke litafunguliwa tarehe mosi Oktoba. Mchezo mmoja tu utachaguliwa kuchezwa mbele ya wakubwa, na mwenye mchezo huo atapewa jumba kila Jumamosi, pamoja na cheo cha Mwalimu wa Michezo. Nina miaka thelathini na mitatu. Naandika vibao vya maduka. Nimeandika majina ya watu chungu nzima kwa rangi nyekundu, langu hata mara moja. Nakitaka cheo hicho kwa udi na uvumba. Shomari wa Buguruni naye anakitaka, anapeleka ngoma yake. Ngoma! Watu wa leo wanataka roketi.

Jumanne, 6 Septemba

Televisheni yetu imekamilika, sanduku la kutosha watu wawili kuchezea ndani. Nimeitengeneza mimi. Adelard ndiye aliyepima, akakata, akapiga randa, akapigilia misumari na kutia dirisha kubwa lenye pazia, lakini wazo ni langu. Yeye ni seremala, Mnyamwezi wa Tabora. Tunakaa chumba kimoja nyumbani kwa Bi Somoe, mwaka wa saba sasa. Mbao tulizipata kwenye makasha ya papa mkavu, na harufu bado imo. Nikasema haidhuru, nyotani hakuna pua.

Tumegawana kazi. Mimi ni Kapteni Zohali, mshindi wa sayari zote. Yeye ni Mfuasi Nambari Mbili. Akauliza Nambari Moja ni nani. Hakuna, nikamwambia, ila haipendezi mfuasi kuanzia moja.

Nimemwonya jambo moja. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, basi ni watani tangu enzi za mababu wa misafara. Mtani akikutukana unacheka, akikuchukulia kitu chako unashukuru. Idi iliyopita alivaa kanzu yangu mpya akaenda nayo kanisani, nami nikatakiwa kucheka. Nilicheka, lakini meno yaliuma. Kwa hiyo nimemwambia ndani ya sanduku hakuna utani. Akasema sawa, Kapteni.

Nikamwamini! Sina hila, ndiyo tabu yangu.

Jumamosi, 10 Septemba

Siku nyeusi.

Saa kumi alasiri uani kwa Bi Somoe, watu hamsini na zaidi. Pazia likafunguliwa. Nimevaa sufuria kichwani na joho la shuka nyekundu. Nikanguruma kwamba tumetua Mirihi, nchi isiyokanyagwa na mwanadamu. Sasa Adelard alitakiwa aulize: Kapteni, hii ni nchi gani? Ndiyo yaliyoandikwa. Nimeyaandika kwa mkono wangu.

Badala yake akanusa huku na huku, akauliza mbona Mirihi inanuka papa.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamkazia macho. Akaendelea. Akauliza huku Mirihi nako Kapteni atalala mpaka jua la saa nne? Akawaambia watu kwamba roketi haikuendeshwa kwa mafuta, ila Mzaramo alisikia Mirihi kuna ngoma akafika mwenyewe. Bi Somoe alilia machozi. Na nusu ya waliocheka ni Wazaramo!

Nikamjibu kwamba Mnyamwezi hata nyotani atatafuta mzigo ajitwike. Hakucheka mtu. Kumbe wakati huo Adelard alikuwa keshajitwika kiti changu cha ukapteni kichwani, anauliza kipelekwe wapi.

Jumapili, 11 Septemba

Nimetoka kwenda dukani. Watu saba wameniuliza Mfuasi yuko wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za Kapteni. Bi Somoe amempelekea Adelard sahani ya wali wa nazi na samaki. Nikamwambia Bi Somoe, kwa heshima zote, kwamba mchezo ulikuwa na watu wawili. Akafikiri. Akauliza kama mimi ndiye yule mwenye sufuria.

Adelard alinigawia nusu ya samaki. Nusu ya mkia.

Jumatano, 14 Septemba

Habari nzito! Bwana Alfonsi, karani wa Ustawi, yule mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, amesikia habari za televisheni. Atakuja Jumamosi kututazama. Keshatazama ngoma ya Shomari. Akitoka kwetu ndipo atachagua.

Lazima Mfuasi apunguzwe. Nimemwandikia upya, sasa ana neno moja tu: Ndiyo, Kapteni. Tumefanya mazoezi. Amelisema neno hilo kwa namna kumi na moja, na kila namna ni tusi. Namna ya tano ilimchekesha mpaka fundi viatu aliyekuwa anapita zake barabarani.

Nikamjaribu Gozbert. Hasara tupu. Anataka kucheza na koti lake zito, na kila nikifungua kinywa ananiambia Ulaya hawafanyi hivyo. Jasho likamtoka, akalala.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimepata dawa! Mfuasi afe.

Nashangaa sikuiona mapema. Mnyama wa Zuhura anamuuma mara tu tunapotua. Anakufa kimya. Halafu Kapteni Zohali, peke yake kati ya nyota, anamlilia mwenzake kwa maneno marefu. Nimeandika kurasa nne za kilio. Nilipoyasoma nililia mwenyewe. Bwana Alfonsi hatabaki na jicho kavu.

Nimemwambia Adelard leo akipiga randa. Akaweka randa chini. Halafu akauliza akishakufa yeye, nani atakuwa ananiuliza maswali? Nikasema hakuna, ndiyo raha yenyewe. Akasema haya, mtani. Hakutania kitu. Jioni nzima hakutania kitu. Nilijisikia vibaya kifuani. Nadhani ni yale maharage.

Jumamosi, 17 Septemba

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Uwanja ulijaa mpaka juu ya ukuta. Bwana Alfonsi kiti cha mbele. Tukatua Zuhura. Mnyama (gunia la makumbi) akamuuma Adelard. Akaanguka vizuri, bila neno, macho yamefumbwa. Nikapiga magoti. Nikatoa kurasa zangu. Nikaanza: Ewe mwenzangu uliyenifuata bila kuuliza.

Kimya. Nikajua nimewakamata.

Mara Bi Somoe akasimama akapiga yowe kwamba Mnyamwezi wetu amekufa! Na hapo ndipo nilipokumbuka, nimechelewa, kitu ambacho mtoto mdogo wa Temeke anakijua. Maziko ya Mnyamwezi hayaendi bila watani wake, na watani wake ni sisi Wazaramo. Uwanja ulijaa Wazaramo! Kila mmoja ana haki yake kwenye maiti ile, na hakuna aliyekuwa tayari kuiacha.

Wakaja. Mzee mmoja akaingia sandukuni akalala kando ya marehemu, akasema hazikwi mtu hapa mpaka aletewe kuku. Mabibi wawili wakaigiza Adelard anavyopiga randa, makalio nyuma, ulimi nje. Mwingine akaigiza anavyokula. Wakamlaumu marehemu kwa kufa Zuhura, mahali pasipo basi, nani ataleta sanda? Maiti ikapiga chafya. Wakaichapa kwa kanga, wakaiambia ifuate taratibu. Nikapiga kelele kwamba huu ni msiba wa kisayansi! Kwamba nina kurasa tatu zaidi! Bi Somoe akanivua sufuria, akanikalisha mkekani, akaniambia ninyamaze, mwenye msiba hasemi.

Mwenye msiba! Mimi!

Wakang'oa ubavu wa televisheni wakaufanya jeneza. Wakamzungusha Adelard uwanja mzima, na mzee wa kuku juu yake. Bwana Alfonsi alikuwa ameshika miwani mkononi, anajifuta macho. Jicho kavu hakubaki nalo. Ila si kwa sababu yangu.

Jumapili, 18 Septemba

Nilidhani yamekwisha. Saa moja asubuhi wakaja kukaa matanga.

Wananipa pole. Wananiuliza alikufaje, alisema nini mwisho. Wananidai kahawa. Bi Somoe ametandika mkeka mbele ya mlango wetu na amenikataza kwenda kuandika vibao, siku tatu, asije akaonekana amepangisha mtu asiye na utu. Kila nikisema Adelard mzima, wananishika bega na kusema ndivyo wafiwa wanavyokuwa.

Mchana marehemu mwenyewe akaja kula. Alikula sahani mbili kwenye matanga yake. Wakamwomba naye aseme neno juu ya marehemu. Akafuta mikono, akasema alikuwa mtu wa kawaida tu. Alisema ameishi na rafiki yake chumba kimoja miaka saba, akimuuliza kila jioni umeshindaje, na rafiki huyo akimjibu mpaka usingizi unamchukua. Akasema siku moja angependa na yeye aulizwe.

Bi Somoe akajifuta macho kwa kanga. Mimi nikacheka, maana utani ni utani. Nilicheka peke yangu. Bi Somoe akasema nyani haoni kundule. Kweli kabisa. Adelard hajioni hata kidogo.

Jumanne, 20 Septemba

Matanga yameanuliwa. Barua ya Bwana Alfonsi imefika. Imeandikwa kwa Bwana Adelard!

Mchezo uliochaguliwa ni Matanga ya Mfuasi, wachezaji Bwana Adelard na watani wake wa Temeke. Jumba kila Jumamosi. Cheo ni chake. Mwisho wa barua kuna mstari mmoja: mwenye msiba naye aje, akae mkekani kama alivyokaa, asiseme.

Nimeisoma mara tisa. Naumia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: naumia sana.

Adelard amefunga randa, msumeno na nguo zake. Anahamia kwa Gozbert, Kinondoni. Anasema ni karibu na kazi yake mpya. Kinondoni si karibu na kazi yake mpya. Hakuchukua kanzu yangu. Ilikuwa pale ukutani, akaipita. Nilingoja aichukue.

Alhamisi, 22 Septemba

Chumba kikubwa mno. Jioni nilirudi, nikavua viatu, nikakaa kitandani tayari kujibu. Hakuna aliyeuliza.

Nimemweleza Bi Somoe siku yangu yote tangu mwanzo. Alikwenda kutazama chungu chake, hakurudi.

Jumapili, 25 Septemba

Leo Adelard amekuja! Ametoka kanisani, shati jeupe, mkononi mkungu mdogo wa ndizi. Tumekaa barazani. Amesema hataki makuu. Amesema jumba ni kubwa, anaweza kumwambia Bwana Alfonsi kwamba bila Kapteni mchezo haunogi, na kwamba Kapteni aachiwe kurasa zake zote nne, mbele ya wakubwa. Cheo tugawane. Na yeye mwenyewe atarudi chumbani, kwa Gozbert kunanuka koti.

Moyo uliniruka! Nikauliza sharti ni nini.

Akasema ni moja. Nimuulize swali moja tu juu yake yeye. Lolote. Akasema hata dogo, hata la kipuuzi, mradi niwe nataka kujua jibu. Halafu akakaa akinitazama, mikono magotini, kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

Sikukurupuka. Mtu mzima hujipa nafasi. Nilifikiri muda mrefu, nikachagua swali la maana kuliko yote, swali ambalo limenikosesha raha wiki nzima. Nikamshika mkono. Nikamuuliza: Adelard ndugu yangu, siku ile ulipokuwa umekufa pale chini, kwa karibu vile, wewe uliniona nilivyolia vizuri?

Akanitazama. Akanitazama tena. Akasimama, akaweka ndizi mlangoni, akaenda zake kituo cha basi bila kugeuka.

Naona hakulielewa swali. Kesho nitakwenda Kinondoni nimuulize tena, polepole.