Kompyuta Iliyoshindana na Birika

Mjini kuna watu wakiona kompyuta inajikongoja wanahuzunika, na kuna watu wakiiona wananawa mikono. Dokta Wepesi, fundi wa kompyuta, alikuwa wa kundi la pili. Siku hiyo alikuwa kwenye kaunta ya kampuni ya vifurushi, anamtumia dada yake mzigo mdogo, aliposikia bosi wa kampuni akiigombeza skrini.

"Funguka basi! Unasubiri kubembelezwa?"

Dokta akasahau mzigo wa dada.

"Samahani, mkuu," alisema kwa sauti ya mtu aliyekuja kuhani msiba. "Mashine hiyo haijazeeka. Ina wapangaji."

"Wapangaji gani?"

Dokta akaomba kiti, akabofya mara mbili tatu, na skrini ikajaa orodha ndefu ya huduma zinazofanya kazi chinichini.

"Huyu unamjua?"

"Simjui."

"Na huyu?"

"Sijawahi kumwona."

"Basi ndio hao. Wanakula, wanalala, kodi hawalipi."

Bosi alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia anayekula bila kuonekana akifanya kazi. Alishamfukuza mlinzi wa usiku kwa kosa la kusinzia, na kosa lenyewe aliliona saa mbili asubuhi, zamu ya mlinzi ikiwa imekwisha.

"Fukuza wote!" akaamuru.

Haki isemwe. Huduma nyingi katika zile hulala tu zikingoja kuitwa, na huduma iliyolala ni kama mgeni aliyelala kwenye kochi: nafasi anachukua, lakini sufuria hagusi. Kuzizima hakuongezi mbio za kusimuliwa. Dokta alilijua hilo kuliko yeyote. Huduma zilikuwa mbwembwe. Shabaha yake ilikuwa ndani ya boksi.

Alisema anapuliza vumbi. Akafungua kompyuta zote nne za ofisi, na katika kila moja akachomoa kijiti kimoja cha kumbukumbu kati ya viwili, vile vinavyoipa mashine nafasi ya kufikiri. Mkobani alikuwa navyo vinane vya ofisi nyingine. Sasa vikatimia kumi na viwili, na kumi na viwili ndiyo idadi aliyoitaka muuza vifaa vya kompyuta mmoja wa ghorofani: viletwe Ijumaa, Dokta akabidhiwe ufunguo wa kibanda. Miaka sita alikuwa fundi wa kuazima meza za watu. Kibanda kile alishakiota mpaka rangi ya pazia.

Alipomaliza, akaiwasha upya kompyuta ya bosi. Kabla ya siku hiyo ilikuwa haijazimwa wiki mbili, madirisha ishirini yamefunguliwa juu yake. Hata punda akishushwa mzigo wa wiki mbili atatembea. Bosi akapiga makofi, wafanyakazi wakamfuata, maana bosi alikuwa anawaangalia.

Asiyepiga makofi alikuwa mmoja tu, karani wa masijala, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi. Yeye alikuwa anaangalia birika lake la umeme.

Keshokutwa yake Dokta akaitwa: printa imegoma. Bila shaka ilikuwa imegoma, huduma yake ilikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Akaiwasha kwa kidole kimoja, akajifuta jasho ambalo halikuwapo.

"Kuna mpangaji alirudi kwa dirishani," akamwambia bosi.

"Hawana haya!" bosi akasema, akalipa tena.

Mlangoni Shangazi akamshika Dokta mkono wa shati.

"Mwanangu dokta, hongera. Ila nina neno. Naambiwa kuna tawi lenye kompyuta sabini, nazo zinataka tabibu."

"Sabini?" Dokta akameza mate. Sabini kwa kijiti kimoja kimoja! Hicho si kibanda tena, ni duka lenye ngazi.

"Ila lazima kazi ipimwe. Mimi kila asubuhi nawasha birika na kompyuta kwa pamoja. Maji yanachemka, rejesta ya vifurushi inafunguka. Miaka mitatu sasa, hakuna aliyemshinda mwenzake. Kesho mbele ya bosi, kompyuta zote nne zilishinde birika."

"Hilo tu, shangazi?"

"Hilo tu. Nitakuachia chumba jioni hii, maana waganga hawapendi kutazamwa."

Jioni ile Dokta alijaribu. Alizima huduma zilizobaki, hata zile ambazo mwenyewe alikuwa anaziogopa. Birika likachemka, kompyuta bado inapiga miayo. Akarudisha kijiti kilichokuwa chake tangu mwanzo: wakatoka sare. Akaongeza cha pili, cha tatu, nafasi zikajaa zote nne. Rejesta ikafunguka maji yakiwa bado kimya.

Akaupima mkoba kwa jicho. Vijiti vitatu kwa kila kompyuta, kompyuta nne: vyote kumi na viwili. Moyo ukamshtuka, kisha ukajituliza wenyewe. Ni vya kuazima tu. Akishashinda, atasema anapuliza vumbi. Na mvuvi gani anayeogopa kulowesha chambo?

Alipomaliza Shangazi akaingia na kamba za plastiki zenye namba, zile wanazofungia vifurushi vya thamani.

"Tuzipige sili, asije mtu kesho akasema umezichezea."

"Piga, shangazi, piga," Dokta akasema, akamsaidia kuvuta kamba.

Asubuhi birika lilishindwa vibaya. Bosi alipiga makofi mpaka pete ikamwumiza. Dokta akainama kama bwana harusi.

"Sasa, mkuu, tuzungumze habari za zile sabini za tawini."

"Sabini zipi? Tawi letu ni chumba kimoja, mizani moja na paka. Nani kakuambia?"

"Shangazi!"

"Na mimi niliambiwa nina wapangaji," alisema Shangazi. "Tunaambiwa mengi, mwanangu."

Dokta akacheka kwa shida, akasogelea boksi la karibu. "Basi, acha nipulize vumbi niende zangu."

"Hiyo ni sili ya kampuni!" bosi akang'aka. "Haikatwi bila saini yangu, na mashine inayokimbia hivi siisainii ng'o."

Shangazi akamsindikiza Dokta hadi mlangoni na kumwonyesha kikaratasi, kwa sauti ya chini.

"Huwa naandika kila kinachoingia na kutoka ofisini. Kumbukumbu ya kila kompyuta ilikuwa gigabaiti nane. Ulipopuliza vumbi ikawa nne. Leo ni kumi na sita. Hakika wewe tabibu, umetibu wagonjwa kwa figo zako."

"Shangazi, vile ni vyangu..."

"Vyote? Kama una risiti, nimwite polisi atusaidie kuvitenga."

Dokta akatazama mkoba wake. Ulikuwa mwepesi, kama jina lake. Ilikuwa Ijumaa, na ghorofani mtu alikuwa anamngoja na ufunguo.

"Angalau kikombe cha chai, shangazi," akanong'ona.

"Ningekupa, mwanangu," alisema Shangazi, akimfungulia mlango. "Lakini maji hayajachemka. Siku hizi kompyuta ndizo zinazowahi."